Ufanisi wa Seli za Sola za Silikoni Kiwandani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ufanisi wa seli unapimwaje, na hiyo asilimia inatoka wapi?

Seli huwekwa chini ya taa inayoiga jua, yenye nguvu ya wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, ikiwa na joto la nyuzi 25 za Selsiasi. Umeme mwingi kabisa inaoweza kutoa hugawanywa kwa nguvu ya mwanga ulioiangukia. Seli ya milimita 182 kwa 182 ina eneo la karibu sentimita 330 za mraba, kwa hiyo inapokea wati 33. Ikitoa wati 8.25, ufanisi wake ni asilimia 25.

Ila kiwandani hakuna anayeishia kwenye asilimia hiyo. Huvunjwa katika namba tatu: mkondo kwa kila sentimita ya mraba pale ncha mbili za seli zinapogusanishwa, volteji pale ambapo hakuna kinachochota umeme, na kigezo cha ujazo, yaani ni sehemu gani ya zao la hizo mbili inayopatikana kweli seli ikiwa kazini. Ukizizidisha tatu hizo unapata ufanisi. Seli nzuri ya TOPCon (muundo wa kisasa wa seli, tutaueleza chini) inayotoka kiwandani leo inaweza kuwa na miliampea 41.5, volti 0.725 na kigezo cha 0.84, sawa na asilimia 25.3. Seli ya kizamani yenye mgongo mzima wa alumini ilikuwa kwenye miliampea 38.5, volti 0.645 na kigezo cha 0.80, sawa na asilimia 19.9 hivi.

Linganisha namba hizo. Mkondo umepanda kwa karibu asilimia 8, kigezo kwa 5, na volteji kwa zaidi ya 12. Watu wengi hudhani kuboresha seli ni kuifanya imeze mwanga zaidi, lakini kwa miaka kumi na zaidi kazi kubwa imekuwa kulinda volteji, na ukilishika hilo maswali mengi yaliyo hapa chini yanajijibu yenyewe.

Kwa nini seli ya silikoni isifike asilimia 35 au 50?

Kwa sababu silikoni inachagua mwanga. Ili elektroni iamke inahitaji nishati ya elektronivolti 1.12. Mwanga wa chini ya hapo, yaani infraredi ya mawimbi marefu, unapita kana kwamba seli haipo, na huo ni karibu moja ya tano ya nishati ya jua. Mwanga wa buluu nao una nishati nyingi kuliko inayotakiwa, na ziada yote inageuka joto. Hapo inapotea karibu theluthi nyingine. Mwaka 1961 William Shockley na Hans Queisser walionyesha kwamba seli ya aina moja ya kitu ina dari, ambayo kwa hesabu za leo ni karibu asilimia 33, hata ikitengenezwa bila dosari.

Silikoni ina kizuizi cha pili. Elektroni zikiwa nyingi mahali pamoja, moja huanguka na kumpa jirani yake nishati badala ya kuitoa nje. Tabia hii haiondoleki kwa usafi wowote, na ndiyo inayoshusha dari hadi asilimia 29.4. Wastani wa viwanda vizuri vya TOPCon umeshapita 25, kwa hiyo ngazi zilizobaki ni chache na kila moja ni ghali.

Mbona habari zinasema asilimia 27 na paneli ninayouziwa ina 22?

Kuna namba tatu tofauti zinazochanganywa. Ya kwanza ni rekodi: seli moja, iliyochaguliwa na kupimwa na maabara huru. Kampuni ya LONGi ya China ilifikisha asilimia 26.81 mwaka 2022 kwenye weifa (kipande chembamba cha silikoni kinachogeuzwa seli) ya ukubwa wa kawaida, kisha 27.3 mwaka 2024 kwa seli yenye nyaya zote mgongoni. Ya pili ni wastani wa mstari wa uzalishaji, maelfu ya seli kwa saa, na huo daima uko chini ya rekodi. Ya tatu ni paneli: kuna nafasi kati ya seli, ukingo wa fremu, kioo kinachorudisha mwanga kidogo, na nyaya zinazokula umeme. Seli ya asilimia 25 ikiishia kwenye paneli ya 22 na ushei, hakuna aliyekudanganya.

Hasara zinazoweza kupunguzwa kiwandani ni zipi?

Ni tatu. Mwanga unaorudishwa au kufunikwa na mistari ya madini ya fedha inayochota umeme usoni. Elektroni zinazorudi kwenye nafasi zao kabla ya kuchotwa. Na ukinzani njiani. Ya pili ndiyo yenye kina. Elektroni iliyoamshwa huacha tundu nyuma yake. Ikikutana na dosari, iwe chembe ya chuma ndani ya fuwele au atomu isiyo na mwenzake wa kushikana naye kwenye uso, inaungana upya na tundu na nishati inakuwa joto. Kadiri muungano huu unavyokuwa mwingi ndivyo volteji inavyoshuka. Kazi ya kuziba dosari hizo huitwa kutuliza, na mahali pabaya kuliko pote ni pale chuma cha waya kinapogusa silikoni moja kwa moja.

Silikoni yenyewe inapaswa kuwa safi kiasi gani?

Sentimita moja ya ujazo ya silikoni ina atomu zipatazo bilioni bilioni 50,000. Kwenye silikoni ya aina p, yaani iliyotiwa boroni au galiamu, chembe moja tu ya chuma katika kila bilioni 50 inatosha kufupisha maisha ya elektroni kwa kiwango kinachoonekana kwenye kipimo. Ndiyo maana kila tangi, kila kibebeo na kila glovu ina kanuni zake.

Silikoni iliyosafishwa huyeyushwa kwenye chungu cha kwatzi kwa nyuzi 1,414, kisha fuwele ndogo huchovywa na kuvutwa juu polepole huku ikizungushwa, kwa njia aliyoigundua Mpolandi Jan Czochralski mwaka 1916. Tatizo ni kwamba chungu chenyewe kinamomonyoka na kutia oksijeni ndani ya silikoni. Oksijeni hiyo ikikutana na boroni na mwanga hutengeneza dosari inayokula ufanisi katika saa za kwanza juani. Tiba ikapatikana: badilisha boroni kwa galiamu. Au hamia aina n, inayotiwa fosforasi, ambayo pia haiumizwi sana na chuma. TOPCon na HJT (muundo mwingine wa kisasa, nao tutaueleza chini) kwa kawaida hutumia aina n.

Uso wa weifa unachongwaje, na nini huharibika hapo?

Silikoni iliyolainishwa inarudisha zaidi ya asilimia 30 ya mwanga. Weifa huchovywa kwenye maji ya haidroksidi ya potasiamu yenye joto la karibu nyuzi 80, pamoja na dawa maalumu ya kusaidia, kwa dakika chache. Alkali inakula fuwele haraka upande mmoja na polepole upande mwingine, na uso unaota piramidi ndogo za mikromita 1 hadi 3. Mwanga uliodunda kwenye piramidi moja unagonga ya jirani, na mrejesho unashuka hadi asilimia 10 hivi.

Makosa ya hatua hii yanaonekana kwa macho. Mabaka yanayong'aa maana yake ni mafuta ya msumeno hayakuoshwa vizuri kabla ya kuchovya. Piramidi kubwa mno husumbua uchapaji wa mistari ya fedha, kwa sababu pesti, yaani uji wa fedha unaochapwa, inateremka mabondeni na mstari unakatika mgongoni mwa kilima. Tangi likizeeka, silikoni iliyoyeyuka inajaa ndani yake na uchongaji unapunguza kasi. Dawa ya kuongeza kwa kila mzunguko hupangwa kwa kupima uzito uliopotea kwenye weifa, si kwa kukisia.

Kwa nini seli nyingi zina rangi ya buluu?

Ni koti la nitridi ya silikoni. Unene wake huchaguliwa ili mawimbi ya mwanga yanayorudi kutoka juu ya koti na chini yake yauane. Hesabu ni fupi: urefu wa wimbi unaolengwa, nanomita 600, gawanya kwa nne mara kipimo cha kupinda mwanga cha 2.05. Jibu ni nanomita 73; viwandani wengi hukaa kati ya 70 na 80. Mrejesho unabaki asilimia 2 au 3.

Rangi yenyewe ni kipimo cha bure. Koti likiwa jembamba seli inaelekea zambarau, likizidi unene inaelekea samawati iliyofifia. Seli zenye rangi mbili tofauti kwenye trei moja zinaonyesha kwamba gesi au joto halikusambaa sawasawa ndani ya tanuri. Koti hilo lina kazi ya pili, na kwa maoni yetu ndiyo kubwa zaidi: limejaa hidrojeni, ambayo wakati wa kuchoma inapenya ndani na kuziba dosari.

PERC ilibadilisha nini?

Seli ya zamani ilikuwa na alumini iliyogusa mgongo mzima, na mgongo mzima ukawa uwanja wa elektroni kupotea. Wazo la PERC, lililotoka Chuo Kikuu cha New South Wales huko Australia katika miaka ya 1980 chini ya Martin Green na wenzake, ni kufunika mgongo kwa tabaka la kutuliza na kuacha vipenyo vidogo tu vya chuma kugusa. Kiwandani tabaka hilo ni oksidi ya alumini ya nanomita 5 hadi 10, yenye chaji hasi inayosukuma elektroni mbali na uso, juu yake nitridi, kisha leza inafungua mistari na alumini inachapwa.

Mashine zilizoongezwa zilikuwa mbili tu, ya oksidi na ya leza. Viwanda vya zamani viliweza kuboreshwa bila kubomolewa, na hiyo ndiyo sababu teknolojia hii ilikaa maabara zaidi ya miaka ishirini kisha ikatawala soko ndani ya michache. Iliishia kwenye asilimia 23 na nusu hivi, kwa sababu kwenye vile vipenyo chuma bado kinagusa silikoni.

TOPCon ni nini, na hatua zake ni zipi?

Ni jibu la tatizo hilo la mwisho, lililowasilishwa na taasisi ya Fraunhofer ISE ya Freiburg, Ujerumani, mwaka 2013. Kati ya silikoni na chuma huwekwa oksidi nyembamba mno, nanomita 1.5 hivi, na juu yake silikoni ya punje ndogondogo iliyotiwa fosforasi kwa wingi. Elektroni zinapenya oksidi, matundu yanazuiwa, na mgongoni chuma hakigusi weifa kabisa.

Mpangilio wa kawaida wa mstari ni huu:

1. Chonga piramidi pande zote mbili.
2. Tia boroni upande wa mbele kwenye tanuri la karibu nyuzi 1,000. Hatua hii ni ndefu na inakula umeme mwingi.
3. Ondoa kioo cha boroni (ganda linaloota wakati wa kutia boroni) mgongoni kwa asidi ya floridi, kisha sawazisha mgongo kwa alkali ya moto ili uwe laini.
4. Otesha oksidi ya nanomita 1 hadi 2, kisha tabaka la silikoni la nanomita 100 hivi, na ulitie fosforasi.
5. Toa silikoni iliyojikunja hadi upande wa mbele. Kioo cha boroni kilichoachwa mbele ndicho kinacholinda uso usiliwe.
6. Funika mbele kwa oksidi ya alumini na nitridi, na mgongo kwa nitridi.
7. Chapa fedha pande zote mbili, kausha, choma.
8. Tibu migusano kwa leza, pima, panga kwa madaraja.

Hatua ya 4 ndiyo roho ya mstari mzima, na ndiyo yenye lawama nyingi. Oksidi ikiwa nene, elektroni hazipenyi na kigezo cha ujazo kinaanguka. Ikiwa nyembamba au ina vitobo vingi, volteji ndiyo inayoanguka. Tabaka la silikoni likiwa nene linameza infraredi bila faida. Likiwa jembamba, pesti ya fedha inalitoboa wakati wa kuchoma na kugusa weifa, na kazi yote ya oksidi inakuwa bure. Wanaotumia tanuri la gesi ya shinikizo dogo wana kero nyingine: silikoni hiyohiyo inajijenga kwenye kuta za mirija ya kwatzi, na mirija inapasuka kwa mvutano. Wanaotumia plazma wanaepuka hilo, lakini wanapaswa kuangalia malengelenge ya hidrojeni pale tabaka linapopashwa joto kwa haraka.

Hatua ya 5 hudharauliwa. Silikoni ikibaki ukingoni, umeme unavuja kutoka mbele hadi nyuma, na seli inaonekana nzuri chini ya jua kali lakini mbovu asubuhi na jioni. Ukitaka kuigundua, ipime kwa mwanga wa wati 200 pia, sio 1,000 pekee.

HJT ni bora kuliko TOPCon?

Kwa volteji, ndiyo: inafika volti 0.745 hadi 0.75. Sanyo ya Japani iliianzisha miaka ya 1990. Weifa ya aina n inafunikwa pande zote kwa silikoni isiyo na fuwele, nanomita 5 hadi 10 tu, kisha tabaka la oksidi linalopitisha mwanga na umeme, kisha fedha. Hatua ni chache, na hakuna inayozidi nyuzi 200.

Hizo nyuzi 200 ni baraka na balaa. Weifa nyembamba haipindi, lakini pesti ya kawaida ya kuchomwa haiwezi kutumika. Ya joto dogo ina ukinzani mkubwa na inahitaji fedha zaidi, ndiyo sababu wenye HJT walikuwa wa mwanzo kuchapa shaba iliyopakwa fedha. Tabaka la oksidi nalo kwa kawaida lina indiamu, madini adimu na ghali. Mashine zake pia hazilingani na za PERC, kwa hiyo mwenye kiwanda cha zamani alianza upya. Soko lilichagua TOPCon kwa hesabu ya mtaji, wala si kwa uzuri wa seli.

Na zile zisizo na mistari mbele?

Nyaya zote ziko nyuma, chanya na hasi zikipishana. Mbele hakuna kivuli chochote, na mkondo unapanda. Ugumu uko kwenye kuchora mipaka kati ya chanya na hasi mgongoni kwa leza bila kuunguza, na kwenye weifa ambayo lazima iwe bora sana, kwani elektroni zinazozaliwa mbele zina safari ya unene wote. Hutoa umeme mdogo kwa mwanga wa nyuma kuliko TOPCon, hivyo zinafaa zaidi juu ya paa kuliko kwenye mashamba ya sola yenye ardhi nyeupe.

Mistari ya fedha inapunguza ufanisi kwa kiasi gani?

Piga hesabu. Mistari ya mikromita 30 ikiwa imeachana milimita 1.2 inafunika asilimia 2.5 ya uso. Ikifika mikromita 20 inafunika 1.7. Lakini mstari mwembamba una ukinzani mkubwa, kwa hiyo lazima umeme usafiri umbali mfupi kabla ya kukutana na mstari mkuu. Ndiyo maana mistari mikuu imeongezeka kutoka 3 hadi 5, 9, 16 na zaidi, ikawa myembamba kama uzi, na sasa wengine wameiondoa kabisa na kulaza nyaya za shaba moja kwa moja juu ya vidole, yaani ile mistari myembamba ya fedha.

Uchapaji ndipo ujuzi wa fundi unapoonekana. Skrini, yaani wavu wa kuchapia, ikichakaa mstari unapanuka. Pesti ikikaukia kwenye matundu ya skrini mstari unakatika kila mahali palepale kwenye kila seli. Mkatiko unaotokea sehemu ileile ni skrini, unaohamahama ni pesti au uso. Joto na unyevu wa chumba hubadilisha uzito wa pesti, na chumba kisicho na udhibiti kitakupa seli za asubuhi na seli za mchana.

Kuchoma kunahitaji joto gani?

Seli hupita kwenye mkanda ndani ya tanuri, na kilele ni karibu nyuzi 750 hadi 800 kwa sekunde chache tu. Kioo kilicho ndani ya pesti kinayeyuka, kinakula nitridi, na fedha inagusa silikoni. Joto likipungua, mgusano ni hafifu na ukinzani unapanda. Likizidi, fedha inachimba ndani mno na volteji inashuka. Dirisha ni la nyuzi chache, na halipaswi kuamuliwa kwa namba iliyo kwenye skrini ya mashine: joto la weifa yenyewe hupimwa kwa waya wa kipimajoto uliobanwa juu yake.

Tangu 2023 hivi viwanda vya TOPCon vimeongeza leza baada ya kuchoma. Seli huchomwa kwa joto la chini kidogo ili volteji ilindwe, kisha leza inapita juu yake huku volteji ya kinyume ikiwa imewekwa. Mkondo mkali unapita penye migusano tu na kuikamilisha. Faida ni sehemu kadhaa za kumi za asilimia, na pia imeruhusu pesti za mbele zisizotegemea alumini, ambayo ilikuwa ikichoma miiba ndani ya silikoni.

Ufanisi wa mstari umeshuka kwa 0.3 usiku mmoja. Nianzie wapi?

Anzia kwenye kipimo, kabla hujagusa tanuri lolote. Pima seli ya rejea uliyoihifadhi. Nayo ikishuka, basi taa imezeeka, pini za kugusa zimechakaa, au chumba kina joto: kila nyuzi moja ya ziada inapunguza karibu milivolti 2. Timu nyingi zimebadilisha mapishi mazuri kwa sababu ya pini chafu.

Seli ya rejea ikiwa salama, angalia ni namba ipi kati ya zile tatu iliyoshuka. Mkondo peke yake: tazama rangi ya koti, mrejesho baada ya kuchonga, na upana wa mistari kwa hadubini. Kigezo cha ujazo peke yake: tofautisha ukinzani wa njia na uvujaji. Ukinzani ukipanda ni uchapaji, kuchoma au leza ya mwisho. Uvujaji ukipanda ni ukingo au mikwaruzo. Volteji ikishuka, rudi nyuma hatua kwa hatua na weifa za majaribio, ukipima maisha ya elektroni baada ya kila hatua hadi uione ngazi iliyovunjika.

Kisha washa seli kwa umeme gizani na uipige picha ya infraredi. Silikoni inang'aa pale ilipo na afya. Alama ya vidole ni ya mtu, mistari sambamba ni ya mkanda, mduara katikati ni oksijeni ya fuwele, na madoa meusi kwenye pembe nne huelekeza kwenye kibebeo au tangi. Gawanya matokeo kwa namba ya mashine pia. Tanuri moja kati ya manane likiharibika, wastani unashuka kidogo tu, lakini grafu ya tanuri hilo inapiga kelele.

Kukata seli nusu kunaongezaje umeme?

Seli nzima ya 182 hutoa ampea 13.7 hivi. Ikikatwa, kila nusu ina 6.85, na kwa kuwa hasara ya nyaya hufuata mraba wa mkondo, kila waya unapoteza robo ya awali. Gharama yake ni ukingo mpya usiotulizwa, ambao unapunguza volteji kidogo. Leza inayopasha na kupasua kwa baridi huacha ukingo safi kuliko ile inayochimba mfereji, na baadhi ya viwanda sasa vinafunika ukingo kwa oksidi ya alumini baada ya kukata.

Weifa nyembamba zinapunguza ufanisi?

Kidogo kuliko unavyodhani. Zimetoka mikromita 180 hadi karibu 130, na HJT chini ya hapo. Infraredi kidogo inakosa pa kumezwa, lakini nyuso zikiwa zimetulizwa vizuri volteji inapanda na kufidia. Hesabu ya dari ya 29.4 yenyewe ilifanywa kwa unene wa mikromita 110. Kinachozuia ni kuvunjika mikononi mwa mashine.

Seli mpya zinapoteza ufanisi juani?

Hasara ya boroni na oksijeni imetibiwa, kama tulivyoeleza. Kuna nyingine inayokuja polepole kwenye joto na mwanga, inayohusishwa na hidrojeni iliyozidi. Dawa ni kudhibiti kasi ya kupoa baada ya kuchoma, na unene wa nitridi. Kwa TOPCon na HJT jicho liko kwenye miale ya urujuanimno, inayoweza kuharibu utulivu wa uso wa mbele. Koti likiwa na muundo mzuri hustahimili. Muulize muuzaji matokeo ya kipimo hicho mahususi.

Joto la kwetu linahusikaje?

Sana. Juu ya paa la bati Mombasa, Dar es Salaam au Muscat, seli hufika nyuzi 65 bila shida, yaani 40 zaidi ya kipimo cha maabara. PERC hupoteza karibu asilimia 0.35 ya umeme wake kwa kila nyuzi, jumla 14. TOPCon, kwa 0.29, hupoteza 11.6, HJT, kwa 0.25, hupoteza 10. Chanzo ni volteji ileile: seli yenye volteji kubwa inaumizwa kidogo na joto. Mnunuzi wa Nairobi penye baridi hataiona tofauti kama wa Garissa. Vyovyote iwavyo, acha sentimita 10 hadi 15 kati ya bati na paneli hewa ipite.

Hizi seli mbili zilizopandana, moja juu ya nyingine, zitakuja lini?

Tabaka la peroviskaiti (kitu kingine kinachogeuza mwanga kuwa umeme) juu ya silikoni linakula mwanga wa buluu kwa volteji kubwa na kuiachia silikoni mwekundu, hivyo dari ya 29.4 haihusiki tena. LONGi ilipima asilimia 34.85 mwaka 2025 kwenye seli ndogo. Oxford PV ilianza kuuza paneli za aina hii mwaka 2024, za asilimia 24.5, kutoka kiwanda chake cha Brandenburg. Uimara kwa miaka 25 kwenye unyevu na joto ndio mtihani, na kwa paa la Pwani tusingekushauri usubiri.

Afrika Mashariki inaweza kutengeneza seli?

Kuunganisha paneli kunafanyika. Naivasha kuna kiwanda tangu 2011. Seli ni jambo jingine. Zinataka umeme usiokatika hata dakika, maji yaliyosafishwa hadi ukinzani wa megaohmu 18, gesi ya silani inayowaka ikigusa hewa, na mtambo wa kusafisha floridi kabla ya maji kumwagwa. Jirani wa karibu ni Hawassa, Ethiopia, ambako kiwanda cha seli kilianza uzalishaji mwaka 2025.

Nitajuaje kama wati zilizoandikwa nyuma ya paneli ni za kweli?

Chukua futi ya kupimia. Zidisha urefu kwa upana kwa mita, kisha gawanya wati kwa jibu hilo, na ugawanye tena kwa 10. Paneli ya mita 2.278 kwa 1.134 ina eneo la 2.58, ikiandikwa wati 580 ni asilimia 22.5, na hiyo inawezekana kabisa kwa TOPCon. Ukionyeshwa paneli ya mita 1.5 kwa 1 yenye kibandiko cha wati 400, hiyo ni asilimia 26.7, juu kuliko paneli yoyote ya kawaida iliyo sokoni. Hapo irudishe, au ilipie bei ya wati 300 ikiwa seli zake zinaonekana za PERC na kipimo cha mkondo juani kinakubali.